Jiografia, Saa Nane

Mkuu wa zamani alitukagua kwa kofia.
Ilipita madirishani, ya kahawia, bila uso,
kutoka darasa la kwanza hadi la mwisho,
nasi tukapaza sauti mpaka ipite,
kisha tukashusha sauti, na chaki, na mabega.

Huyu, Bi. Kavetsa, huja na kiti chake.
Hukibeba mwenyewe, cha plastiki, cha buluu,
akivuka uwanja kati ya mawe ya Maragoli
yaliyoshinda trekta mbili,
na kikionekana kinakuja
kila mtu huuliza zamu ni ya nani.

Endovo husema, mkate mdomoni,
"Anatafuta sababu ya kunipeleka Lodwar."
Kageha husema, "Miaka kumi na tisa nafundisha, shahidi wangu ukuta.
Mwacheni aje. Hata akinisema, nitakuwa nimesemwa."
Naibu hasemi; anakoroga chai iliyokwisha kupoa.
Mimi nilisema sina neno,
na usiku huo nikaandika maandalio ya wiki tatu
kwa kalamu tatu mbalimbali,
wino usije ukatoa ushahidi.

Alhamisi. Kidato cha Pili Mashariki.
Kiti kiliingia, kikatua nyuma, karibu na fagio.
Ubaoni: Jinsi Mvua Inavyotokea.
Nikachora ziwa, nikachora jua,
nikachora mishale ikipanda kutoka Kisumu
hadi juu ya vilima vyetu,
mishale ambayo siku nyingine siichori,
huisema tu.
Wanafunzi wamenyooka kama penseli mpya.
Huko nyuma sikusikia kalamu inaandika nini,
ila nilisikia kila ukurasa ulipogeuzwa.

Saa nane na robo, kama kawaida yake,
mvua yenyewe ikashuka juu ya mabati.
Mdomo wangu ukaendelea. Sauti ikabaki ndani.
Nilionekana, nadhani,
kama mtu anayetafuna muwa asio nao.
Nikaonyesha mishale. Nikaionyesha tena.

Ilipolegea kidogo mkono ukapanda
karibu na dirisha lisilo na kioo,
mkono wa mvulana ambaye tangu Januari
nilikuwa nimesahihisha daftari lake, si zaidi.

"Mwalimu, ikiwa tunajua huja saa nane,
nani aliiweka Jiografia saa nane?"

Hakuna aliyecheka. Shingo arobaini na tano
hazikugeuka nyuma, na kule kutogeuka
kulipiga kelele kuliko mabati.
Kalamu ilisimama.
"Swali zuri," nikasema,
tusemavyo tukikosa pa kukimbilia.

Ofisini alinipa fomu nitie sahihi.
Andalio: lipo. Ubao: nadhifu.
Sauti ya mwalimu: haikusikika.
Chini, mahali pa maoni, weupe mtupu.
Akaifunika kalamu yake. "Yule kijana wa dirishani,
anaitwa nani?"

Nilitaka kwanza kujua jina ni la nini,
la kupongezwa au la kuitiwa mzazi,
nipime kama nitalitoa.
Ndipo nikagundua sina la kutoa wala la kuficha.
Muhula wa pili huu, na jina lake
lilikuwa ndani ya rejista, kwapani mwangu,
limefungwa.
"Nitakuletea," nikasema. Akaniangalia
kwa muda ambao fomu haina kisanduku chake.

Jumatatu ratiba mpya ilikuwa ukutani, pini nne.
Jiografia, Mashariki: saa mbili na dakika ishirini.
Saa nane: Hisabati, Endovo.
"Niliwaambia," Endovo akasema, "hii ni vita."
Kageha akaisoma mara mbili, kidole juu ya karatasi,
akasema, "Kumbe husikia,"
na hakuna aliyejua kama alikuwa anasifu.

Nilifika darasani mapema, bila kiti nyuma yangu.
Nikaita majina polepole, moja moja,
nikisubiri uso kabla ya kutia alama.
Wa thelathini na moja. Mudanya, Elphas.
"Nipo," akajibu, karibu na dirisha.
Juu, mabati yalikuwa kimya.
Sikuwa na cha kusingizia.