Zambarau Ikigeuka Kijani

Huku Hokkaido theluji haianguki, inahamia.
Huja na mizigo yake yote mwezi wa kumi na moja
na haiagi hadi Aprili.
Ndani ya banda, nyuma ya kiwanda cha maziwa,
pampu zinanguruma, matangi mawili yamenyamaza.

Tangi hili, vanadi iliyoshiba upepo ni zambarau.
Lile, manjano ya kiini cha yai.
Umeme ukitoka, zambarau hufifia ikawa kijani,
manjano ikazama katika buluu.
Mimi husoma rangi kabla sijasoma mita.

Kati yao pana utando,
na utando ndio ugomvi wetu wote.
Upitishe protoni, uzuie vanadi:
mlango unaojua mgeni wa kukaribishwa ndani
na mgeni wa kuachwa barazani.
Ule wa zamani ulikuwa mkarimu kupita kiasi.
Usiku chembe zilipenya, zikakutana, zikamalizana kimyakimya,
asubuhi tukakuta joto
ambalo halikumchemshia mtu chai.

Tumejaribu tando kumi na tisa.
Wa saba ulipasuka.
Wa kumi na moja ulibana hata protoni.
Kwa wa kumi na nne nilinuniana na Onodera siku tatu,
kumbe kosa lilikuwa gasketi.

Mama mkwe, Bi. Fusae, alikuja kuona.
Akatazama juu, akazunguka, akarudi.
"Betri kubwa hivi, mtaibeba na nani?"
Haibebwi, mama. Inasubiri.
"Basi kama mimi," akasema, akafunga skafu.

Usiku wa tarehe tisa Februari
upepo ulikatika kama maji ya bomba.
Saa sita nzima
ng'ombe mia mbili wa Kuwabara walikamuliwa
kwa upepo wa juzi.
Taa hazikupepesa. Hakuna aliyetupigia simu.

Kulipokucha nikasoma hesabu:
utando wa kumi na tisa umeokoa asilimia moja na nusu.
Onodera akaandika kwa penseli, akafuta,
akapima upya, akaandika moja na robo.
Hatukushangilia.
Akamenya chenza, akanipa nusu yake,
harufu ikashinda ile ya asidi kwa muda.

Kwenye kidirisha cha bomba
kijani kilikuwa bado kizito kuondoka.
Nje, mapanga matatu
yakasogea kidogo, yakasita,
yakasogea tena.