Herufi D

Kibao cheupe, D nyekundu: mwanafunzi, kwa Kiwelisi.
Gwenllian ana miaka kumi na sita,
pikipiki ya cc hamsini, na cheti cha juzi.

"Nipakize," asema babu Emrys kwenye mvua,
"goti langu limekigomea kilima."
"Mwanafunzi habebi mtu, Babu."
"Nani atatuona hapa? Kondoo?"

Anatazama kioo. Kisha anageuka, nyuma ya bega,
pale kioo kisipofika, kama alivyofunzwa.
Kweli, kondoo tu.

Anazima injini.
Viazi vya babu vinapanda kiti cha nyuma,
yeye anashika usukani, anasukuma,
na babu, kofia ngumu kichwani,
mvua ikimbishia hodi utosini,
kilima kizima analalamika
kwamba viazi havina leseni
na bado vimepewa lifti.