Kichwa Kiwe cha Mwisho

Asubuhi ya kwanza pale Mtera, Ndahani alitupanga ukingoni
kama darasa la pili,
akakagua mikanda ya maboya. Wangu aliuvuta mara mbili.
"Mwaka jana mlijifunza kwenda mbele," akasema.
"Safari hii mnajifunza kupinduka."

Mimi ni karani wa mizani, soko la mahindi, Kibaigwa.
Kazi yangu ni kungoja kitu kitulie
ndipo nisome namba.
Sasa naambiwa niilaze kayaki ubavu:
goti la kulia libane juu, uzito kwenye paja la kushoto,
kiwiliwili wima,
mpaka maji yaanze kulamba sketi iliyonifunika mapaja.
"Usiukimbie huo mlegeo," ananiambia. "Huo ndio usukani."

Nilizaliwa Bahi. Kiangazi tulichimba mchanga wa mto
hadi utoe jasho,
tukalichota kata kwa kata, ndoo ikajaa jua likiwa kali.
Njia nzima ya kurudi, kiuno kilicheza,
shingo haikujua.
Jioni ya kwanza nikakumbuka hilo, nikageuza kayaki
kuzunguka mti mkavu uliozama tangu bwawa lijae,
ikageuka kama ng'ombe anayejua zizi.
Sikumwambia mtu.

Kupinduka ni jambo jingine.
Chini kule maji ni rangi ya chai ya rangi,
sikio linasikia moyo,
mkono unatafuta juu na juu hakuko.
"Piga kasia, vunja nyonga, kichwa kiwe cha mwisho kutoka!"
Kichwa changu hakikubali. Kimezoea kutangulia.
Sechelela, mkunga wa Mpwapwa, alicheka hadi akakohoa:
"Kazini kwangu kichwa kikiwa cha mwisho
tunaita gari la wagonjwa."

Usiku tulilala kwenye kisiwa cha mawe na miiba,
ugali wa uwele, mlenda, perege wawili kwa watu watano.
Viboko walikoroma ng'ambo, mbali vya kutosha,
alisema Ndahani, kisha akahamisha mahema.
Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge manne.
Niliyahesabu kwa tochi. Ni mazoea ya kazi.

Siku ya tatu upepo uliamka kabla ya saa zake.
Mawimbi mafupi, ya hasira, yasiyo na mpangilio,
yakitupiga ubavuni kama mbuzi wanaogombea mlango.
Nikageuka kumwita Sechelela
nikaona tumbo la kayaki yake, jekundu, likimeremeta.
Halafu kichwa. Halafu mkono mmoja, na kasia.

"Shika mtumbwi wako! Usiuachie!"
Sauti ile ilikuwa yangu.
Nikaivuta pua ya kayaki yake juu ya mapaja yangu,
maji yakamwagika, nikaigeuza, nikaiweka sambamba,
nikailalia kwa kifua na mikono yote miwili,
uzito wangu wote, kilo sabini na moja,
juu ya chombo kisicho changu.
Akaingiza kisigino, akajiviringisha, akakaa.
Tukabaki tumeshikana hivyo, vyombo viwili,
tukipanda, tukishuka.
Akatema maji. Akasema, "Mtoto wa kike, salama."

Kurudi juu mwenyewe bado sijaweza.
Nimeandika kwenye daftari langu:
kupinduka, mara kumi na nne; kurudi, sifuri.
Ndahani alisoma, akachukua kalamu,
mbele ya sifuri akaandika "bado".

Jumatatu Kibaigwa, gunia la kwanza,
mshale unatetemeka, kulia, kushoto,
mkulima amekunja uso: "Dada, soma basi."
Nasubiri.
Chini ya meza, goti la kulia limepanda lenyewe.