Bolti Nne za Mwalimu Kerubo

Walinijia karakana asubuhi, Kaptembwa, na basi la shule
lililostaafu kama wao walivyostaafu,
njano yake ingali inachungulia chini ya rangi ya maziwa.
Ndani: kitanda, jiko la gesi, pazia la maua,
na katikati, wima kama mgeni aliyenyimwa kiti,
friji.

Friji ya nyumba. Ndefu kunipita.
"Tunayo tangu Bonventura azaliwe," akasema Mwalimu Kerubo,
"na siiachi Nakuru."
Mumewe, Mwalimu Mogaka, alikuwa ameifunga kwa blada,
blada ya baiskeli, mizunguko saba na fundo la kujisifia.
Nikaisukuma kwa kidole.
Ikainama, ikarudi.

Mwalimu, nikamwambia, nyumbani friji hukaa kwa uzito wake,
hakuna anayeifunga. Sakafu ya nyumba haina safari.
Ila ukikanyaga breki kwenye mteremko wa Salgaa
basi litasimama;
friji haijaambiwa isimame.

Hakucheka. Nami sikucheka.
Nina binamu, Kibiwott, aliyepanda nyuma ya pikapu
pamoja na freza ya duka na kamba ya katani.
Siku hizi huandika kwa mkono wa kushoto.
Sikuwasimulia. Nilivaa miwani, nikawasha mashine.

Kwanza sakafu. Plaiwudi ni uso tu,
haimzuii anayetaka kuondoka.
Nikatoboa hadi kwenye chesisi, mfupa wenyewe,
bolti nne, washa pana kama sarafu ya shilingi ishirini.
Juu yake fremu ya vyuma vya pembe, kimo cha goti,
nikaivisha mpira wa tairi kuukuu,
maana chuma na chuma husagana hata vikipendana.

Mogaka akainua drili: "Na hapa ubavuni, skrubu mbili?"
Nikamdaka mkono, mwalimu wa hesabu miaka thelathini na sita.
Humo ndani ya bati mna mishipa, mzee.
Ukiitoboa, gesi itatoka kwa mluzi
na hutakuwa na friji, utakuwa na kabati jeupe.
Tukaizungushia mikanda ya lori,
mmoja kifuani, mmoja kiunoni,
ncha zikashikwa na nguzo za basi, si bati lake.
Nyuma nikaacha upana wa kiganja,
nayo hupumua;
ukiibana ukutani itahema mpaka ife.

Mlango ndio uliotuchelewesha.
Sumaku yake humzuia mtoto mwenye adabu,
haizuii kona za Londiani.
Nilitaka komeo katikati. Mlango hauna mishipa, nikasema,
huu naweza kuutoboa.
Kerubo akasimama mbele yake, mikono nyuma.
Alipokuja kusogea nikaona: alama za kalamu, za kimo.
Bonventura, miaka mitatu. Minne. Saba.
Kisha mlango mweupe.

Sikuuliza.
Nikapandisha komeo juu kabisa, karibu na kona,
nikatoboa matundu mawili madogo
mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika.

Jioni tukaijaribu barabara ya Njoro, tuta kwa tuta,
Mogaka kwenye usukani,
mimi nimeketi kando ya friji (mbele yake sikai, hata niliyoifunga mwenyewe),
ndani mna trei ya mayai, thelathini.
Kwenye tuta la mwisho nikapiga kelele: "Breki!"
Vijiko vikaruka. Sufuria ikabiringika hadi mlangoni.
Kofia ya Mogaka ikagonga kioo.
Friji ikakohoa mara moja, kama mtu aliyesikia jina lake darasani,
ikanyamaza.

Tukafungua komeo.
Mayai ishirini na tisa.
Hili moja, akasema Kerubo, lilikuwa na ufa tangu dukani.
Nikaitikia kwamba ni kweli,
ingawa niliyachagua mimi, moja moja, nikiyainua kwenye mwanga.