Haja Ndogo

Saa tisa za usiku nawasha jiko.
Theluji ya Aprili, chafu, imejikunja kando ya njia,
Yokote yote inakoroma,
nami nasaga soya niliyoiloweka jana,
nachemsha, naengua povu kwa upawa,
naengua tena.
Baba alinifunza: povu jema hufa upesi.
Linalong'ang'ania ukingo lina neno.

Neno hilo nililiona chooni tangu majira ya majani kupukutika.
Nikavuta maji, likashuka.
Kesho yake likanisubiri.

Kisha kikaja kichupa cha shule,
chembamba kama kidole,
na jina: Kengo, darasa la nne.
Mkojo wa kwanza wa asubuhi, karatasi iliagiza,
kabla mtoto hajakimbia.
Lakini Kengo alikwisha kwenda, nusu usingizini,
na kichupa kikavu kikabaki kando ya sinki.
Wenzake wanamwita njiani. Machozi yanamlenga.
Nikasema, lete hapa.
Nilicheka, naapa nilicheka.
Haja ndogo hii, nani atajua?
Nikamrudishia kikiwa na joto,
akakimbia nacho.

Barua ilifika baada ya wiki mbili.
Kwa mzazi wa Kengo. Protini: alama mbili za kujumlisha.
Satsuki aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena.
Akaanza kumpimia mtoto chumvi kwa ncha ya kijiko.
Usiku alimfunua miguu,
akabonyeza kifundo kwa kidole gumba,
akangoja kuona kama shimo litabaki.
Halikubaki. Akabonyeza mguu wa pili.
Kengo alinitazama juu ya bega la mama yake,
miaka tisa, na tayari anajua kumtunzia mtu siri.

Siku tatu nilinyamaza.
Siku tatu nilimwacha mwanangu augue kwa niaba yangu.

Siku ya nne nilimimina maji ya chumvi kwenye maziwa ya soya,
yakakatika kama kawaida,
mawingu meupe yakitafuta pa kukaa.
Protini ndiyo kazi yangu, miaka ishirini na mitatu:
kuiita itoke majini, kuikamata kwa kitambaa.
Kitambaa kikilegea nyuzi, tofu inaponyoka na maji,
nami nanunua kingine.
Figo haziuzwi kwa mita.

Mficha maradhi, walisema, kilio humuumbua.
Hawakusema kwamba kilio chaweza kuwa cha mkewe,
jikoni, bomba likiwa wazi asisikike,
kwa ajili ya mtoto mzima.

Nilikwenda shule na vipande vinne vya tofu ndani ya ndoo.
Mwalimu Nakazawa, wa chumba cha afya, alinisikiliza
nami nikikodolea macho ndara za wageni, za kijani, zinazonibana.
Hakucheka.
Akafungua kabati, akatoa kikombe cha karatasi.
"Choo cha watoto kiko kushoto," akasema.
"Kiko chini. Itabidi uiname."

Nikainama.
Akachovya kijiti, akatazama saa ya ukutani,
nami nikasoma bango la kupiga mswaki, lote, mara mbili.
Manjano ikawa kijani,
kijani ikaiva, ikawa kama soya ingali kwenye ganda.
"Hii si hukumu," akasema.
"Hata homa huleta hivi, hata kukimbia sana.
Lakini wewe hukukimbia.
Nenda hospitali, wapime damu, wapime na shinikizo.
Na mama yake Kengo umwambie. Leo, si kesho."
Alipokea vipande viwili. Viwili akanirudishia.

Satsuki alinichapa kwa kitambaa cha vyombo,
mara moja, begani.
Kisha akapiga magoti sakafuni, akanivua soksi,
akabonyeza juu ya kifundo,
akaondoa kidole.
Kengo alisogea na taa.
Tukaangalia shimo, watatu sisi,
nalo halikuwa na haraka ya kujaa.