Zimebaki Nne

Za mwizi ni arobaini.
Mimi zimenibaki nne.

Barua iko kwenye mlango wa friji,
imebanwa na sumaku yenye umbo la samaki:
Jumanne, saa sita mchana, langoni.
Uje na kitambulisho, na dawa zikiwa ndani ya pakiti zake.
Usije na funguo.

Kumbe nazipenda funguo.
Ninazo tano, na mmoja sikumbuki ni wa nini.
Leo nimefunga mlango, nikafungua, nikafunga tena,
kwa ndani, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu,
mpaka jirani akauliza kitasa kina nini.
Hakina kitu, nikamjibu. Kizima kabisa.

Bergen kunanyesha. Hiyo si habari.
Miaka hamsini na miwili nimeilaani mvua hii
inayonyesha kwa ubavu na kuingia kwenye mikono ya koti.
Jana nimetoka bila mwavuli, nikashika njia ndefu,
ile ya ngazi za mawe zinazoteleza,
na katikati nikasimama. Sikuwa na niendako.
Aliye huru haijui ladha hiyo,
huidhania uvivu.

Saa nane usiku nafungua friji.
Si njaa. Ni ile taa ndogo
inayowaka kwa sababu nimetaka iwake.
Jibini ya kahawia, nimeikwangua nyembamba
hata kidole kinaonekana upande wa pili.
Mkate wa jana. Kahawa niliyokatazwa na daktari.
Nakula wima, miguu mitupu kwenye sakafu baridi,
makombo yanaanguka, nayaacha.

Eivind kapiga simu kutoka Tromso.
Hakuitaja Jumanne.
Tumezungumza matairi: ayavue ya theluji sasa au angoje?
Ngoja, nimemwambia, mwezi wa tatu hauaminiki.
Dakika kumi na moja za matairi.
Ningeweza kuzila kwa kijiko.

Nilidhani hivi ndivyo nitakavyomaliza,
nikilamba siku kama mtoto anayelamba sufuria.
Halafu Jumapili, ghorofa ya juu, Sunniva kaanza mazoezi.

Tuba.
Badili irabu moja tu, inakuwa toba.

Ana miaka kumi na mmoja, na tuba lake
limemzidi umri mama yake. Vali ya pili inakwama.
Naijua vali hiyo. Niliiandikia ripoti,
mimi, mweka hazina wa bendi ya shule:
*Vyombo vipya saba vimeagizwa.*
Havikuagizwa.
Fedha walizitafuta watoto nyumba kwa nyumba,
wakiuza karatasi za chooni kwenye mvua hii hii.
Sunniva aliniuzia mabunda mawili,
akanihesabia chenji mara mbili ili asinipunje.
Nami nikazipeleka, usiku, kwa kidole kimoja, kwenye simu,
kwa farasi ambao sijawahi hata kuwaona.

Mchuma janga hula na wa kwao.
Mimi nimewalisha hata wa watu.

Ule ufunguo wa tano, nimeukumbuka.
Ni wa kabati la vyombo.

Tarehe kumi na saba Mei watapita barabara ya chini
na bendera, na soksi nyeupe, na vali inayokwama.
Dirisha hili litakuwa limefungwa
na mtu mwingine, au halikufungwa, sijui.
Sasa nalifungua lote. Mvua inaingia hadi mezani,
inalowanisha barua, wino unaanza kukimbia
ila tarehe, tarehe bado inasomeka.

Juu, Sunniva anafika palepale,
noti inazama kama buti topeni. Kimya.
Namsikia akivuta pumzi.
Anarudi mwanzo.

Rudi, mwanangu, rudi mara ngapi utakazo.
Kahawa imepoa na mimi nimekaa.
Muda ninao. Mpaka Jumanne,
ninao.