Daftari la Kaunta

Kikao cha kwanza tulikifanyia juu, ofisini,
ngazi thelathini na moja za mawe; nilizihesabu nikihema.
Nikaandika: Waliohudhuria, ishirini na sita.
Ningeandika ukweli ningesema: wenye miguu.
Holo alibaki chini kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu,
akisikia makofi tu yakidondoka kutoka mlimani
kama kokoto.

Mtaani kwetu Mirongo hupita nyuma ya vyoo.
Kiangazi ni mfereji wa chupa na makopo,
mbuzi anauvuka bila kulowa goti.
Vuli ikikasirika huko juu
mto unakumbuka kuwa ni mto,
unashuka na milango ya watu.

Kikao cha pili tukakishusha uani kwa Holo.
Mwenyekiti akasema: hatari ikija, filimbi tatu.
Tukapiga makofi. Nkwimba, fundi cherehani, hakupiga.
Alitazama midomo yetu, kisha mikono yake ikauliza,
na binti yake wa darasa la nne akaisoma kwa sauti:
"Mama anasema, hiyo filimbi mmemnunulia nani?"

Wahenga walisema tuzibe ufa.
Hawakusema ni nani anayejua ulipo.

Basi nikafuta, nikaandika upya.
Kamba ya nailoni, ya kuvutia nyavu, mita kumi na mbili,
kutoka dirisha la Bwire
mpaka kifundo cha mguu wa Nkwimba.
Bwire haoni tangu surua ya utotoni,
lakini mto anaujua kwa koo lake:
maji yakibeba mawe, anasema, huguna kabla hayajafika.
Tulikuwa tumepaka mistari kwenye mwamba, njano na nyekundu.
Akapapasa, akacheka. "Rangi haijanisalimia."
Tukatafuta patasi, tukachonga.
Vijana wa Sayi, wapakuzi wa sangara kiwandani,
wakafunga kiti cha plastiki kwenye miti miwili.
Holo akakikalia na kikombe mkononi,
akawaelekeza walipokosea. Walikosea mara mbili.
Mara ya tatu chai haikumwagika.

Ikaja usiku wa Jumanne, umeme umekatika,
saa nane na kitu.
Bwire akavuta kamba.
Nkwimba akaruka, akazungusha tochi dirishani,
nyumba ya pili ikajibu kwa tochi, na ya tatu,
filimbi ikaja mwisho
kama mjomba aliyechelewa harusini.
Tulipanda gizani, mkono begani, Bwire mbele,
sisi wenye macho tukiuliza, hapa ni wapi?
naye akitutajia mawe, moja moja, kwa majina.

Juu, mvua ikitupiga, nikatoa daftari kwenye mfuko,
nikaita. Arobaini na watatu. Nipo. Nipo. Nipo.
Nkwimba aliinua mkono kabla sijamfikia.
Nikapiga mstari chini ya orodha
na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikajiona mtu.

Kulipokucha tukamkuta juu ya ukuta wa choo,
kijana, ameukumbatia kama anaupenda,
soksi moja, midomo imekuwa majivu.
Mpangaji wa chumba cha uani. Alihamia Ijumaa
na godoro na ndoo.
Hakulaumu. Meno yakigongana akauliza tu:
"Mliniita? Labda mimi sikusikia."

Hukukosa kusikia, ndugu yangu.

Siku hizi kila Ijumaa nauzunguka mtaa,
nabisha hata penye kufuli.
Ukurasa wa mwisho siujazi.
Holo ananicheka, ananiita karani wa malaika.
Acha acheke. Hodi.
Hodi hapa.
Nani kalala humu tangu jana,
na jina lake nani?